Mabibo Yaliyolala

Katika miaka thelathini na minne niliyokaa Miteja, sijamsikia Alfonsi akiniambia neno la kweli. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu. Yeye ni Mmwera wa Nyangao, Mkatoliki; mimi ni Mmatumbi, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Ana haki ya kuniita mke wake mbele ya mume wangu, kula kilicho jikoni kwangu bila kukaribishwa, na kuwaambia wageni kwamba nilizaliwa na jino moja. Nami nina haki ya kumwambia lolote linalonijia mdomoni. Haki moja tu sina, ya kukasirika. Mtani hakasirikiwi. Aliyeweka sheria hiyo, nina hakika, hakuwahi kuishi jirani na Alfonsi.

Mwaka juzi alinijia na uso wa msibani, akasema magunia yangu ya korosho yamekataliwa ghalani kwa unyevu. Nilikimbia mpaka ghalani, kanga nimeivaa ndani nje. Magunia yalikuwa makavu na karani hakujua ninalilia nini. Niliporudi nilimkuta Alfonsi barazani kwangu anakula mihogo yangu, bado ana uso uleule wa msibani. Tangu siku hiyo niliapa kwamba akinijia na uso huo tena, nitafanya kinyume cha anachosema.

Sasa sikiliza nilivyojiponza.

Mwanangu wa mwisho, Fauzia, anafundisha shule ya msingi huko Njombe. Kule kuna baridi ya kulalia soksi, na mama mwenye nyumba aliyopanga hukamua matufaa, akayachemsha kwa mdalasini, karafuu na tangawizi, watu wakanywa ya moto huku wamevikumbatia vikombe. Siku moja alikuja fundi umeme kutengeneza soketi, naye akapewa kikombe. Fundi mwenyewe, Sadick, kumbe mtoto wa Kilwa Kivinje. Soketi za nyumba ile ziliendelea kuharibika mwaka mzima, sijui kwa nini, mpaka Sadick alipompigia mama yake simu kusema amepata mchumba.

Mama yake, Bi Salima, akanipigia mimi. Tukasalimiana, tukaulizana hali za watu tusiowajua, kisha akasema, "Bi Biasha, Jumapili tunakuja kuposa. Na hicho kinywaji cha matufaa anachotusimulia Sadick kila siku, safari hii tutakinywa."

"Mtakunywa mpaka mseme basi," nikajibu. Mdomo wangu hupenda kunitangulia.

Ningekuwa na utulivu ningekumbuka baba yake Sadick ni nani. Mzee Abdulrahmani ni mwalimu wa madrasa, na habari zake zinafika mpaka huku kwetu. Mwanawe mkubwa alipoposewa, mzee aliona dumu la uraka nyuma ya ile nyumba waliyoendea. Aliinuka kwenye mkeka, akavaa viatu, akaondoka bila kugusa sahani. Hakusema neno baya hata moja, na posa ilifia palepale. Uraka ni pombe ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, nadhani unaijua, na kama huijui usimuulize mume wangu.

Fauzia alifika Ijumaa na matufaa manane kwenye mfuko. Wageni walikuwa kumi na mmoja.

"Yalikuwa kumi na mawili, mama," akasema. "Basi liliharibika njiani, nikaona njaa."

Matufaa manane hayajazi hata jagi. Ya stendi ya Nangurukuru nilikataa, maana yale yamesafiri mpaka yamechoka, ukiyabonyeza yanabonyea. Hapo ndipo nilipopata akili, au nilipodhani nimeipata. Desemba ilikuwa imeanza, na chini ya mikorosho yetu mabibo yalikuwa yametapakaa, mekundu na ya njano, yananukia mpaka barabarani. Sisi tunaokota korosho na kuliacha bibo. Wanaoliokota bibo ni kina Alfonsi. Nyumba ya Kiislamu ikionekana na ndoo ya mabibo, watu huanza kuuliza maswali. Lakini maji ya bibo lililokamuliwa sasa hivi yana kosa gani? Tutayachanganya na matufaa, tutatia viungo, Bi Salima atakunywa, atanyamaza.

Mume wangu Haruna alisimama mlangoni pa jiko akatutazama. "Joto lote hili," akasema, "unawakaribisha wakwe au unawafukiza?"

Nilimwambia aende akatafute viti.

Jumamosi alasiri tuliokota ndoo tatu, tukazinyofoa korosho, tukaosha mabibo, tukayaponda kinuni na kuyakamua kwa kitambaa. Nilivaa gauni langu bovu kuliko yote, kwa sababu doa la bibo halitoki. Si kwa sabuni, si kwa ndimu, si kwa jua. Nguo iliyopata doa la bibo hufa nalo. Ili yasikwaruze koo, tuliyatilia maji ya wali mazito, yale ya kuchuja mchele ukichemka, maana ule ukakasi hushikana nayo ukazama chini. Hilo nilifundishwa na bibi yangu. Lililofuata lilitoka kwenye karatasi ya Fauzia, iliyoandikwa na mama wa Njombe: "Funika, acha yatulie usiku kucha, asubuhi uchuje."

Tukafunika, tukayaacha yatulie usiku kucha.

Huko Njombe usiku kucha ni baridi tupu. Miteja mwezi wa Desemba, hata samli inalala imeyeyuka. Hilo halikunijia akilini. Nilijua uraka hulazwa siku mbili tatu, basi usiku mmoja ungekuwa na nini? Lakini nilijua kwa kusikia tu, na mambo ya kusikia ndiyo haya.

Asubuhi nilikuta povu juu. Nikasema ni maji ya wali. Nikachuja, nikabandika sufuria kubwa, nikatia matufaa yaliyokatwakatwa, mdalasini, karafuu, tangawizi iliyotwangwa, sukari. Harufu ilijaa nyumba nzima, nzuri mno, mpaka kuku walikuja mlangoni. Nikachota kijiko nikaonja.

"Inachoma ulimi," nikasema.

"Tangawizi hiyo, mama."

"Tangawizi huchoma kooni. Hii inachoma kwenye ncha."

Tulitazamana. Nilitoka nje nikatema, nikasukutua mara tatu, kisha nikasimama pale nikiwa sijui la kufanya. Kwa sababu hebu fikiria: mimi sijawahi kuonja pombe tangu nizaliwe. Fauzia hajawahi. Katika nyumba nzima hapakuwa na ulimi wa kutuambia kama kile kilikuwa kinywaji cha wakwe au uraka. Nikamwita Haruna. Akainama juu ya sufuria, akavuta pumzi ndefu, ndefu kidogo kuliko nilivyotarajia.

"Mimi siwezi kujua," akasema haraka. "Nitajuaje mimi? Mwite Alfonsi."

Hilo la pumzi ndefu nililiweka akiba. Lina siku yake.

Alfonsi alikuja tayari kwa misa, amevaa shati lake jeupe. Analo moja tu, la Jumapili, na Anjelina mkewe hulipiga pasi mpaka kola inaweza kukata nyanya. Akakaa kwenye kinu bila kuambiwa.

"Mke wangu," akasema, "kumbe umeingia kwenye biashara yetu. Karibu sana. Tulikungojea muda mrefu."

"Kunywa, sema ni nini."

Akanywa kikombe cha kwanza akasema kimepita haraka, hakukiona sura. Nikampa cha pili. Akakizungusha mdomoni, akatazama juu ya paa, akameza. Kisha uso wake ukabadilika. Ukawa ule wa msibani.

"Biasha," akasema, "hiki usiwape watu. Kimegeuka. Uraka mchanga, lakini uraka. Kamwage, ukamue mengine sasa hivi, muda upo."

"Nikimwaga, wewe utakuwa umekinga ndoo upande gani?"

"Nakuambia kweli."

"Hata magunia uliniambia kweli."

Nikacheka kwa sauti ili ajue nimemgundua. Akatazama sufuria, akatazama mlangoni alikokuwa amesimama Fauzia, akauliza, "Wanakuja saa ngapi?"

"Saa tano. Wewe hujaalikwa."

"Mabibo mengine yapo?"

"Yako chini ya mikorosho. Kawanyang'anye ngedere."

Akaondoka. Hakuniita mke wake, hakuchukua hata andazi. Hayo mawili peke yake yalitosha kunifungua macho, lakini nilikuwa nimejishughulisha na kujiona mjanja.

"Mama, na kama ni kweli?" Fauzia akauliza. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio kama alivyokuwa akifanya utotoni akingoja matokeo ya mtihani.

"Alfonsi na kweli walionana lini?" nikasema. Lakini niliogopa, na sitakuficha. Nilimwona mwanangu amesimama jikoni kwangu na furaha yake yote iko kwenye sufuria moja, na mimi ndiye niliyeibandika. Nikimwaga na kumbe ulikuwa utani, sina cha kumpa Bi Salima niliyemtambia. Nikiwapa na kumbe kweli, Mzee Abdulrahmani atavaa viatu vyake. Kila nilipoogopa niliongeza karafuu.

Kama saa tatu hivi Anjelina akaja uani. Anataka mdalasini, karafuu na tangawizi, kama imebaki. Nikampa huku nanung'unika: mimi nina wageni, yeye anataka kupika pilau. Anjelina ni mwanamke mpole, hatanii. Alisema asante, akaenda zake mbio, na sijawahi kumwona Anjelina akienda mbio.

Wageni wakafika. Wanaume wakakaa barazani, wanawake ndani, mlango wazi katikati. Mzee Abdulrahmani alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, macho yake hayakimbii kitu. Sadick alikaa nyuma ya baba yake, anautazama mkeka. Mazungumzo yakaenda vizuri, Haruna akajibu kila alichoulizwa, na Bi Salima akageuka kwangu akatabasamu. "Haya, mwenzangu. Kiko wapi?"

Fauzia akaitoa sufuria ikifuka moshi, akaiweka mlangoni. Nikainua kifuniko. Nikachota kikombe cha kwanza, cha mzee.

"Simama hapo hapo!"

Alikuwa Alfonsi. Siku ya Jumapili, mbele ya wakwe zangu, amekuja na fulana iliyotoboka kwapani. "Nyumba gani hii," akapiga kelele, "inayotoa kinywaji kabla mtani hajapewa? Binti anaposwa, mimi sina habari! Wazee wa Kivinje, shikamooni. Mnamwona mwanamke huyu? Alizaliwa na jino moja, na alikuwa nalo palepale anang'ata watu!"

Wageni wakaanza kucheka. Na kabla sijainuka, alikinyakua kikombe mkononi mwangu, akakimimina ndani ya sufuria, akafunika, akaibeba sufuria nzima kwa matambara mawili, akatoka nayo. "Nimechukua haki yangu!" akapiga kelele kutoka nje ya uzio. "Anayeitaka aje kuikomboa!"

Baraza zima lilianguka kwa kicheko. Mzee Abdulrahmani alifuta macho. "Hata sisi Kivinje tunao wa namna hiyo," akasema. "Nyumba isiyo na mtani haina wenyewe."

Mimi nilicheka, kwa sababu ndiyo sheria. Ndani nilikuwa nachemka kuliko ile sufuria. Nilipakua wali na samaki wa nazi, nikawapa watu chakula na maji ya kunywa, na kila aliponitazama Bi Salima nilitamani ardhi ipasuke, mimi nitoke, Alfonsi aingie.

Walipokuwa wananawa mikono, Anjelina akatokea mlangoni. Kichwani ana ngata, juu ya ngata sufuria yangu, inang'aa kwa kusuguliwa. Akaitua taratibu.

"Mtani wenu ameirudisha," akasema kwa aibu. "Anasema amepunguza kidogo."

Nikafunua. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni, ya moto, ina harufu ya mdalasini. Haikuwa na kipande hata kimoja cha tufaa. Nikasimama na upawa mkononi, lakini Fauzia alishaleta vikombe, basi nikachota. Kikombe cha kwanza kikaenda kwa mzee. Akakinusa.

"Haya ni matufaa ya Njombe?" akauliza.

Fauzia hajui kusema uongo, kosa hilo amelirithi kwa baba yake. "Ni mabibo, baba," akasema.

Sadick aliacha kuutazama mkeka, akamtazama baba yake. Mzee Abdulrahmani alipiga bismillahi, akanywa funda moja, akalikawiza mdomoni.

"Mama yangu alikuwa akitukamulia mabibo asubuhi," akasema. "Tunakunywa kabla ya adhuhuri. Kinachobaki anamwaga, kwa sababu katika joto letu hili yakilala usiku mmoja tu yanageuka. Ukiyatia ulimini unajua mara moja." Akanywa tena. "Haya yamekamuliwa leo. Bi Biasha, Mungu akulipe. Umeamka mapema kwa ajili yetu."

Yangu yalikuwa yamelala. Angejua kwa funda la kwanza, na saa ile angekuwa anatafuta viatu vyake, na mwanangu angekuwa jikoni anaangalia ukuta. Niliingia ndani nikajifanya natafuta sukari, nikalia kwenye kanga kidogo, nikatoka na chumvi.

Walikunywa mpaka wakasema basi, kama nilivyoahidi. Posa ilikubaliwa, ndoa ikawekwa mwezi wa sita. Walipopanda gari lao, sikungoja hata vumbi litue. Nilikwenda kwa Alfonsi.

Anjelina alikuwa uani, anafua. Karaini ilikuwa na maji ya kahawia, na ndani ya maji kulikuwa na kitu nilichokitambua kwa kola.

"Shati la kanisani?" nikasema.

"Vitambaa vyetu vyote vya kukamulia vimeshapitiwa na uraka," akasema, macho kwenye karaini. "Alisema havifai kwenye kinywaji chenu. Akatafuta nyumba nzima kitu cheupe ambacho hakijawahi kugusana na pombe. Kilikuwa hicho tu. Akalivua. Amekamulia ndoo mbili, na misa imempita. Kilichobaki kikawa chungu cha kuchemshia, na vyungu vyetu vyote ni hivyohivyo, ndiyo akaja kukunyang'anya. Nimeisugua sufuria kwa majivu mara saba. Anasema nyinyi huwa mnahesabu saba, ila hakumbuki ni kwa ajili ya nini."

Alfonsi alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, na fulana yake ya matundu.

"Yangu umeyapeleka wapi?" nikamuuliza.

"Nimemwaga."

"Mwongo."

"Haya. Nusu nimemwaga."

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa. Nikamwambia, "Alfonsi, ulinionya nikakucheka. Asante. Umemwokoa mwanangu."

Akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Akatazama huku na huku kama kuna mtu amesikia. "Biasha, tafadhali," akasema. "Miaka yote hii. Usinifanyie hivyo. Sema unanichukia, tuendelee kuishi."

"Nakuchukia," nikasema.

"Vizuri, mke wangu." Akajifuta uso kwa mkono, akageukia upande wa karaini. "Doa hilo halitoki, unajua. Jumapili ijayo padri ataniuliza nimefanya nini. Nitamwambia ni wewe."

"Mwambie," nikasema. "Na akikuona mwongo, aniite. Nitakuja mpaka mlangoni pa kanisa nimwambie ni kweli."